Nta ya Makaburini

Mwaka huu Bi Stefanija hakuningoja hata niweke kikapu chini. Alinivaa pale pale langoni pa makaburi, Siku ya Marehemu, watu wamejaa na mishumaa yao, pua zimewawiva kwa baridi.

"Liucija! Mjane wa kaka yako yuko wapi?"

"Anakuja."

"Mwaka jana alikuja mikono mitupu. Mwaka juzi akaleta tofaa. Mwaka huu hata yeye mwenyewe hayupo. Jamani, mshumaa mmoja tu, hata ule mdogo wa dukani?"

"Lile tofaa lilitoka kwenye mti alioupanda kaka Girmantas."

"Kwani Girmantas atalila?"

"Na mshumaa wako mzee wako ataula? Hebu nenda kwake, naona taa yake imezimika."

Akaenda, lakini alikwenda akitikisa kichwa, na mimi nikabaki pale kama mjinga na mishumaa miwili: wangu, na mwingine niliokuwa nauwasha kwa niaba ya wifi yangu tangu tumzike kaka. Sikukasirishwa na Stefanija. Yule mdomo wake tumeuzoea tangu tukiwa wasichana hapa Molėtai. Nilikasirika kwa sababu safari hii wifi hakuwa na kisingizio tena. Mashine yake ilikwisha kamilika. Iko hospitali, inafanya kazi, watu wanapona. Nilikuwa nimemwambia kwenye simu, "Vaiva, sasa uje uwashe mwenyewe," naye akajibu, "Tutaona, wifi." Mtu mzima akikuambia tutaona, ujue haji.

Nikauwasha mmoja, wa pili nikautia mfukoni, nikapanda gari kurudi Vilnius kumtafuta. Mimi naendesha basi la umeme mjini, mwaka wa ishirini na ngapi sijui huu, na sijawahi kukimbiza gari kama siku ile. Njia nzima nilikuwa nasema peke yangu. Nilikuwa nimepanga maneno, tena makali.

Lakini ngoja kwanza niseme habari ya nta, maana bila hiyo hutamwelewa wifi yangu, kama Stefanija asivyomwelewa.

Vaiva ni mtu wa mwanga. Vilnius watu wanatengeneza leza kama wengine wanavyotengeneza jibini, na yeye aliingia huko bado msichana. Kaka yangu alipomleta nyumbani mara ya kwanza, mama alimuuliza anafanya kazi gani, akasema, "Nataka kutengeneza hadubini inayoona kitu kimetengenezwa na nini, bila kukitia rangi." Mama akamwongezea supu. Alidhani binti hana kazi.

Baadaye alinieleza mimi vizuri, mezani, akitumia vijiko. Kila kitu kinatetemeka ndani yake, wifi, hata ukikiona kimetulia. Mafuta yana mtetemo wake, maji yana wake, nyama ina wake. Ukipiga miale miwili ya leza mahali pamoja, na tofauti yao ikalingana na mtetemo wa mafuta, basi mafuta yanaitika na mengine yananyamaza. Unapita hivyo nukta kwa nukta, unapata picha. Nikamuuliza, "Sasa faida yake nini?" Akasema daktari akikata kipande cha mwili, siku hizi lazima kigandishwe, kikatwe, kitiwe rangi, ndipo kitazamwe, na mgonjwa wakati huo amelala kichwa wazi. "Yangu itaona papo hapo," akasema. Kaka yangu akamwangalia kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Ikachukua miaka. Loo, miaka! Fedha zikija, leza inakufa. Leza ikipona, kijana aliyemfundisha anaondoka kwenda Ujerumani. Mara ya kwanza kabisa mashine ile kuona kitu cha maana, iliona kipande cha mafuta ya nguruwe ya chumvi nilichompelekea mimi kwa chakula cha mchana. Alinipigia simu analia kwa furaha, "Wifi, nyama yako inang'aa!" Nikamwambia ile ni ya kula, siyo ya kumulika.

Halafu Girmantas akaanza kusahau maneno.

Kaka yangu, ingawa mdogo wangu kwa umri, alikuwa mwalimu wa jiografia. Siku moja alisimama mbele ya ramani, darasa zima linamngoja, akashindwa kutaja mto unaopita katikati ya mji wake mwenyewe. Alirudi nyumbani akatutania kwamba mto umehama. Baada ya wiki chache mkono wake wa kulia ukaanza kumkaidi, kikombe kinaanguka tu. Wakampiga picha ya kichwa, wakakuta uvimbe, tena upande ule ule yanakokaa maneno.

Dokta Eimutis, aliyepewa kumpasua, ni mtu asiyezunguka. Alituketisha watatu akasema, "Nikikata kidogo, ugonjwa unabaki. Nikikata zaidi, naweza kumwondolea usemi. Na kwa macho yangu haya, pabovu na pazima mpakani panafanana."

Girmantas akasema, "Miaka yote nafundisha watoto mipaka, daktari, na wewe umekosa wangu mmoja."

Hakuna aliyecheka. Vaiva alikuwa amesimama. Akasema, "Mashine yangu inaweza kuuona."

"Inaweza, au inaona?"

"Bado kidogo."

Dokta akafikiri. Alikuwa anaijua kazi ya Vaiva, alikuwa amekwisha mpa vipande vya uvimbe vya kujaribia. "Basi niletee picha moja tu," akasema. "Moja, niione pazima na pabovu pametengana. Ukiniletea, mashine yako inaingia chumbani kwangu siku ya mumeo, na nitakata kwa kuifuata."

Upasuaji ulipangwa wiki ile inayofuata Siku ya Marehemu. Wifi hakuwa analala. Picha zilikuja na ukungu, kila siku ukungu. Mimi nikawa namwombea, na mimi si mtu wa kuomba sana.

Siku ya Marehemu ikafika, tukaja hapa Molėtai sote, kwenye kaburi la baba. Girmantas tangu utotoni ana mchezo mmoja, na mama alimpiga sana kwa ajili yake: anachukua nta inayochuruzika kwenye mishumaa, ingali na joto, anaifinyanga vidoleni. Siku ile alifinyanga ndege, mkono wa kulia ukimsumbua, ndege akatoka kama kiazi. Akamtia mfukoni mwa Vaiva. "Bata wako," akamwambia. Vaiva alicheka, na nilikuwa sijamsikia akicheka tangu mwezi wa tisa.

Tuliporudi mjini alasiri, wifi akaomba tupite maabara, kuna kitu anataka kujaribu. Ilikuwa sikukuu, jengo tupu. Ndani akatuambia, "Msiguse chochote."

"Hata pumzi tusivute?" Girmantas akauliza.

"Vuta kidogo."

Akavaa glavu. Akashika kwa kibanio kipande kimoja cha uvimbe alichopewa na daktari, chembamba kama ganda la kitunguu, kinaning'inia. Lakini kioo cha kukiwekea alikuwa amekisahau kwenye kasha, upande wa pili wa meza, na kipande kikianza kujikunja ndiyo basi tena.

"Girmantas, nipe kioo kimoja, upesi! Kishike pembeni."

Kaka akakichukua. Akajaribu kukishika pembeni. Mkono ule wa kulia haukutaka, kioo kikataka kuanguka, akakidaka katikati kwa kidole gumba. Akampa. Sote tulishukuru tu kwamba hakikuvunjika.

Na picha ikaja. Mungu wangu, ile picha! Upande mmoja mweupe unaong'aa, upande wa pili mweusi, na katikati mpaka uliokatika sawasawa. Mafuta huku, na kule hakuna, na ubongo usiougua ndio wenye mafuta mengi, ndivyo alivyokuwa ametufundisha. Vaiva alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Kisha akamshika mumewe kichwa, akakibusu, akakibusu tena, akisema, "Nimeuona, nimeuona." Akampelekea daktari picha kwa simu. Jibu lilikuja tungali tumekumbatiana: Ileteni mashine. Mimi nilicheza pale pale kati ya zile nyaya, mwanamke mzima na mwili wangu huu, wifi akipiga kelele nisitikise meza. Tulikwenda kwao tukafungua pombe ya asali. Nilimtazama kaka yangu akila, nikajua atapona. Nilijua, si kutumaini.

Kesho yake asubuhi Vaiva akanipigia. "Wifi, njoo maabara. Usimwambie."

Nilimkuta amekaa, koti hajavua. Alikuwa amerudi kupanua ile picha, ili amwonyeshe daktari sehemu kubwa zaidi. Jana tuliona mahali padogo mno, sasa mashine ilikuwa imepita kipande chote. Akanigeuzia kompyuta.

Kulikuwa na mistari. Mistari myeupe imepinda, mmoja ndani ya mwingine, inazunguka, na katikati kovu jeusi limekata mshazari. Wala sikuhitaji kuambiwa. Kovu lile nalijua. Girmantas alijikata na kisu cha uyoga, mtoto wa miaka minane, na mimi ndiye niliyekifunga kidole kwa kitambaa changu cha kichwa na kumbeba hadi nyumbani, damu ikinitiririka shingoni.

"Ni nta," Vaiva akasema. "Nta ya makaburini, alama ya kidole chake pale kwenye kioo. Nayo ni mafuta matupu kwa mashine hii, inaitika kuliko ubongo wowote. Ule mpaka niliouona jana ni ukingo wa kovu lake."

"Na kile kipande cha uvimbe?"

"Kipo juu yake. Ukungu, kama siku zote."

Nikakaa na mimi. Nje mabasi yangu yalikuwa yanapita, nayasikia. Baadaye nikamuuliza, "Nani mwingine anajua?"

"Wewe na mimi."

"Basi nyamaza." Ndiyo, nilimwambia hivyo, na mtu yeyote mwenye kaka angesema hivyo. "Nyamaza, Vaiva. Iingie tu. Huenda siku hiyo ikaona."

"Na isipoona? Eimutis ataifuata. Itamwonyesha ukungu, naye atauamini kwa sababu nilimwambia auamini. Atakata pazima, wifi. Atakata maneno yake. Atakata jina langu lililomo mle kichwani."

"Na bila mashine?"

Alilia, nikamshika, tukalia wote wawili kama watoto. Kisha akafuta uso, akampigia daktari simu mbele yangu, akamwambia yote, neno kwa neno, hadi yule bata. Dokta akasema, "Pole, mama," na simu ikakatika.

Kazi ilibaki kumwambia Girmantas. Alikuwa jikoni anamenya viazi kwa mkono wa kushoto. Alisikiliza mpaka mwisho. Akakiinua kidole gumba chake, akakitazama, akakigeuza.

"Kwa hiyo mpaka wenyewe nilikuwa nao hapa," akasema. "Ningejua ningewaazima." Akamwona Vaiva hacheki. "Njoo, mke wangu. Ungeninyamazia hilo, ningekuwa nimeoa nani?"

Walimpasua bila mashine. Dokta alikata kidogo, kwa hofu ya usemi, na ugonjwa ukabaki, kama alivyosema. Tulikuwa naye majira ya baridi, tukawa naye masika. Maneno yalimwondoka taratibu, kwanza ya mbali, halafu ya karibu. Mito ilikwenda, miezi ikaenda, mimi nikawa "yule mkubwa". Jina la Vaiva lilikaa sana, tulidhani litabaki. Mwishoni nalo likaenda, akawa anamwita "wewe wa taa". Alikufa wakati wa stroberi, mwezi wa sita, dirisha wazi, na wewe wa taa amemshika mkono.

Baada ya mazishi wifi alirudi maabara. Akaweka sheria: anayefanya kazi kwake asiguse mshumaa, si nyumbani, si kanisani, si makaburini. Yeye wa kwanza. Ndiyo maana alikuja kwa mume wake mikono mitupu, na kina Stefanija wakapata la kusema, na mimi sikuwaeleza, maana kuna mambo huwezi kuyaeleza ukiwa umesimama langoni. Ule ukungu akaukuta ulikotoka. Miale yake miwili haikuwa inafika pamoja, mmoja ulikuwa unachelewa kwa kiasi ambacho hata jina sina. Akaikutanisha. Majira ya kuchipua mwaka huu mashine ikaingia chumbani kwa Dokta Eimutis, na wa kwanza alikuwa mama mmoja mshonaji, na alipoamka aliomba chai. Aliomba kwa maneno. Wifi aliponisimulia hilo la chai alitoka nje, akakaa uani muda mrefu.

Haya. Ndiyo nikafika maabara Siku ya Marehemu na mshumaa mfukoni na maneno yangu makali.

Alikuwapo, peke yake, taa zimepunguzwa.

"Vaiva, watu wananila nyama huko! Mashine imeisha, sheria yako ya nini tena? Huwezi kumwashia mtu mshumaa mmoja?"

"Toa huo mshumaa mfukoni kwanza uuweke nje," akasema, "halafu unawe mikono."

Nikamtii, kwa hasira, lakini nikamtii. Niliporudi alikuwa ameshika kikasha kidogo. Ndani kulikuwa na kipande kimoja cha kioo.

Nikakijua. "Nilidhani ulikitupa."

"Nilitakiwa kukitupa." Akakiweka mahali pake, polepole, akikishika pembeni. "Mkono wake wenyewe, wifi. Picha ziko nyingi, lakini picha hakuzishika. Hiki alikishika."

"Sasa si ukitazame kila siku?"

"Siwezi. Leza ina joto. Kila nikipita, nta inayeyuka kidogo, mistari inalala. Ninapita mahali padogo tu, mara moja kwa mwaka, siku ya leo. Miaka hii yote." Akanitazama. "Ndio mshumaa wangu huo. Wewe ulidhani siwashi?"

Yale maneno yangu makali sijui yalikwenda wapi. Nilivuta kiti nikaketi karibu yake. Nilimwomba msamaha kwa ajili ya Stefanija, akasema Stefanija hana kosa, na kweli hana.

"Pembeni kote kumekwisha lainika," akasema. "Lakini pale pa kovu sijapita tangu asubuhi ile. Nilikuwekea wewe. Wewe ndiye uliyemfunga."

"Si patayeyuka?"

"Patayeyuka."

"Basi acha."

"Wifi, mwaka kesho mimi na wewe tutakuwa wazee zaidi. Tazama."

Akawasha. Skrini ilikuwa nyeusi, kisha mistari ikaanza kujichora kutoka juu kuja chini, mmoja baada ya mwingine, kidole cha mdogo wangu, mtoto wa miaka minane amening'inia mgongoni kwangu analia kwamba mama atampiga. Kovu likafika. Lilikuwa vile vile. Nikanyoosha mkono kugusa kioo cha kompyuta, Vaiva hakunizuia.

Nikaona ukingo wake unaanza kulegea. Mstari mmoja ulijaa ukamwagikia mwenzake.

"Zima!" nikapiga kelele. "Zima, wifi, zima, tubakize!"

Alikuwa amekwisha zima.